Kutotolesha Vifaranga Nyumbani: Tuliyojifunza Kilakala

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na mama mmoja mfugaji wa Kilakala, Morogoro, mbele ya wanakikundi wenzake waliokutana kuamua kama fedha za kikundi zinunue mashine kubwa ya kutotolesha vifaranga. Tumeyafupisha kidogo.)

 

Nimeombwa niseme juu ya mashine ya kutotolesha vifaranga, ile ndogo ya kukaa juu ya meza, kwa sababu mimi ndiye niliyetangulia kuinunua hapa mtaani kwetu. Lakini kutangulia si kujua. Nitaanza na yale niliyoharibu, kisha niseme tuliyojifunza, na mwisho nitoe maoni yangu kuhusu fedha zetu za kikundi. Uamuzi ni wenu.

KWA NINI NILITAKA MASHINE

Wote hapa mnamjua kuku wa kienyeji. Anataga mayai kumi hadi kumi na tano, kisha anaatamia siku 21. Wakishatoka vifaranga anawalea miezi miwili hadi mitatu, na muda wote huo hatagi. Mwaka ukiisha utakuta amezaa mara tatu hivi. Hapo hatujahesabu mwewe, kicheche na ugonjwa. Nikafikiri: nikimwondolea kuku kazi ya kuatamia, atarudi kutaga mapema, nami nitapata vifaranga wengi wa umri mmoja kwa pamoja.

Wala jambo hili si geni duniani. Watu wa Misri ya kale walijenga matanuri ya matofali ya udongo, wakachoma majani makavu na samadi, wakatotolesha mayai kwa maelfu bila kuku. Hawakuwa na kipimajoto. Mhudumu alikaa na tanuri usiku na mchana, na aliligusisha yai kwenye kope la jicho ili ajue joto lake. Nawaomba mumkumbuke mhudumu yule, maana kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mashine ina mhudumu ndani yake.

MZAO WA KWANZA

Oktoba 2023 nilikopa kwenye kikundi nikanunua mashine ya mayai 48. Nilikuwa na hesabu kichwani: vifaranga watoke Desemba, niwauze, Januari watoto waende shule na sare mpya. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilipokea fedha za watu wawili kabla sijaweka hata yai moja.

Mayai niliyanunua sokoni, trei kwa trei. Yalikuwa mayai ya kienyeji, ndiyo, lakini yametoka kwa nani, yana siku ngapi, na kuku aliyetaga alikuwa na jogoo au hana, sikuuliza. Siku ya saba nikamulika kwa tochi. Mayai 19 yalikuwa meupe matupu. Nikayatoa, yakabaki 29.

Siku ya kumi na moja nikaitwa kwenye msiba Matombo, nikalala huko. Mnakumbuka mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Usiku ule umeme ukakatika. Mwanangu mkubwa, kwa nia njema kabisa, akaogopa mayai yasipoe. Akawasha jiko la mkaa, akaliweka karibu na meza, akaifunika mashine gubigubi kwa mablanketi mawili, akafunga dirisha na mlango, akalala hapo hapo ili ailinde.

Asubuhi alipoamka kichwa kilikuwa kinamgonga na anatapika. Jirani ndiye aliyemtoa nje. Ndugu zangu, nilipoambiwa habari ile sikuuliza habari za mayai. Moshi wa mkaa uliokwisha kuwaka vizuri hauonekani wala haunuki, lakini una sumu inayoua watu waliolala. Kama hamtachukua neno lingine lolote leo, chukueni hili: jiko la mkaa lisiingie katika chumba kilichofungwa, iwe kwa ajili ya mayai, vifaranga au binadamu. Mungu alimhurumia mwanangu. Si kila nyumba ina jirani anayeamka mapema.

Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga watatu. Nikawarudishia wale watu wawili fedha zao, na Januari watoto walikwenda shule na sare za zamani. Mashine nikaipandisha juu ya kabati, ikakaa huko miezi mitano.

MAYAI YALIYOKUFA YANASEMA

Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba mwenye kosa ni umeme. Aliyenirudisha kwenye ukweli ni afisa mifugo. Aliponikuta nataka kuyatupa yale mayai 26 yaliyobaki, alinizuia. Akasema, "Mama, usitupe barua kabla hujaisoma." Tukakaa uani, tukapasua yai moja moja.

Mayai matano yalikuwa na duara la damu tu. Hayo yalikufa siku za mwanzo kabisa, na sababu za kawaida ni yai kukaa muda mrefu kabla ya kuwekwa, kutikiswa njiani, au joto kuyumba mwanzoni. Mayai 17 yalikuwa na vifaranga wa ukubwa mmoja, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza. Wote 17 walikuwa sawasawa, kama waliopigwa na radi moja. Hao ndio waliokufa usiku ule wa msiba, na waliuawa na joto la jiko na kukosa hewa chini ya mablanketi. Yai likipoa saa chache mara nyingi hustahimili, kwani hata kuku huondoka kwenye kiota kwenda kula. Joto likipanda kupita kiasi huua upesi. Kama mwanangu angelala tu bila kufanya lolote, huenda wengi wangepona.

Mayai manne ya mwisho yalikuwa na vifaranga waliokamilika, wamekufia ndani. Hao walikauka. Siku ya ishirini nilikuwa nafungua mfuniko kila nusu saa kuchungulia. Kila nikifungua, unyevu unatoka, na ile ngozi laini ya ndani ya yai inakuwa ngumu kama karatasi, kifaranga anashindwa kuipasua.

Kwa hiyo umeme ulikuwa na sehemu yake, lakini barua kubwa ilikuwa na jina langu. Mayai 19 hayakuwa na mbegu kwa sababu sikuuliza. Mayai 17 yalikufa kwa sababu sikumwelekeza mtoto. Manne yalikufa kwa haraka yangu. Tangu siku ile kila mzao ninapasua yaliyobaki na kuandika kwenye daftari. Wengi tunatupa mayai viza kwa hasira, na mzao unaofuata tunarudia kosa lile lile.

TUNAVYOFANYA SASA

Mayai. Chukua kwa mtu unayemjua, mwenye jogoo mmoja kwa matetea kumi hivi. Yai lisizidi siku saba tangu litagwe. Likifika kumi linaanza kupoteza nguvu. Yatunze chumba chenye ubaridi, ncha nyembamba ikiangalia chini, wala usiyaweke kwenye friji. Acha yenye nyufa, yaliyopinda, makubwa mno na madogo mno. Usiyaoshe kwa maji, kwani gamba lina vitundu na uchafu utaingia ndani. Lililochafuka sana lipeleke jikoni. Na usichukue mayai kwenye banda ambalo vifaranga wamekuwa wakifa kwa kuhara kinyesi cheupe. Ugonjwa ule unapita ndani ya yai kutoka kwa mama, na ukiingia kwenye mashine utawapata wote.

Joto. Mashine yenye feni inataka nyuzi 37.5. Isiyo na feni inataka nyuzi 38.5 hivi, ukipima usawa wa juu ya mayai. Usiamini namba za kioo cha mashine kabla hujazijaribu. Nunua kipimajoto cha homa duka la dawa, kiweke pamoja na kipimajoto chako kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, uone kama vinasema neno moja. Changu kilikuwa kinadanganya kwa nyuzi moja nzima. Nyuzi moja kwako ni kitu kidogo, lakini kwa yai kwa siku 21 ni uhai. Iwashe mashine siku nzima bila mayai kwanza, mpaka joto litulie.

Mahali. Hapa Kilakala tuna mambo mawili: upepo wa baridi unaoshuka usiku kutoka Uluguru, hasa Juni hadi Agosti, na joto la mabati mchana kuanzia Oktoba. Iweke mashine chumba cha katikati, mbali na dirisha na jua. Chumba kikitulia, mashine nayo inatulia.

Unyevu. Siku 18 za kwanza asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho 65 hadi 70. Maji ya bakulini yawe ya uvuguvugu, yasikauke. Lakini unyevu ukizidi tangu mwanzo nao unaua, kwa sababu yai halipungui maji inavyotakiwa, chumba cha hewa kinakuwa kidogo, na kifaranga anazama ndani. Wakati wa masika ninaweka bakuli moja badala ya mawili.

Kugeuza. Kama mashine haigeuzi yenyewe, geuza mara tatu au tano kwa siku. Namba iwe witiri ili usiku mrefu usiliangukie upande mmoja kila siku. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Siku ya 18 acha kugeuza.

Kumulika. Siku ya saba na ya kumi na nne, gizani, kwa tochi. Lililo hai linaonyesha mishipa ya damu kama mizizi ya mti. Lisilo na kitu litoe. Linalotoa harufu litoe haraka sana, maana likipasuka ndani litachafua yote.

Siku tatu za mwisho. Ongeza maji, funga, na mikono yako ikae mbali. Kifaranga akitoboa gamba anaweza kukaa hata saa 12 na zaidi akipumzika kabla ya kutoka. Usimsaidie. Waliotoka waache humo mpaka wakauke. Wana kiini tumboni kinachowatosha siku nzima na zaidi bila kula. Na mhesabu vizuri: siku ya kwanza inatimia baada ya saa 24. Ukiweka Jumamosi jioni, unategemea Jumamosi jioni. Panga usiweke mayai yatakayotoka siku ambayo una harusi au safari.

Umeme. Mashine yangu ni ya wati 80. Ingekuwa inawaka bila kupumzika siku 21, ingekula uniti 40 hivi. Kwa kuwa inawaka na kuzima, inakula pungufu. Kila mtu apige hesabu kwa bei anayonunulia LUKU. Mgao ule mkubwa ulipita, na Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini mvua na upepo bado vinaangusha matawi kwenye nyaya. Umeme ukikatika usiku wa baridi, usifungue mashine. Funika blanketi moja, acha matundu ya hewa wazi, na uzungushe nje yake chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga. Mchana wa joto usifunike kabisa. Wiki ya mwisho vifaranga wa ndani wanatoa joto lao wenyewe, kwa hiyo hapo angalia zaidi lisizidi. Na mfundishe kila aliye nyumbani, hata mtoto. Maelekezo yangu nimeyabandika ukutani kwa herufi kubwa.

Onyo moja dogo: usichanganye ndege. Kuku ni siku 21, kware 17 au 18, kanga 26 hadi 28, bata mzinga 28, na bata wetu wa kienyeji 35.

KUTOTOA NI NUSU YA KAZI

Juni 2024 niliishusha mashine kabatini. Mayai 48 ya majirani watatu, yote na tarehe. Sita hayakuwa na mbegu, na kati ya 42 walitoka vifaranga 33. Nilicheza, hamkuniona tu.

Mwisho wa Agosti nilikuwa na kuku 11. Wawili walikufa wiki ya kwanza. Ishirini waliondoka kwa siku nne, shingo zimepinda, mharo wa kijani. Mdondo ulikuwa umeingia mtaani, kama unavyofanya wakati wa kiangazi, nami sikuwa nimechanja. Nilisema nitachanja wakikua kidogo. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake, mimi ndiye niliyeacha yangu.

Tunasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, lakini wa mashine hana mama wa kumfunika wala wa kumwonyesha maji. Lazima umchovye mdomo kwenye maji siku ya kwanza. Lazima uwe na kinengunengu tayari kabla hajatoka, joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi tatu hivi kila wiki. Waangalie wao badala ya kukodolea kipimajoto: wakirundikana wanaona baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakitawanyika wanakula wako sawa. Taa ya umeme ni bora, au chupa za maji ya moto. Na neno la mkaa nimeshalisema.

Chanjo nilizoelekezwa ni hizi: mdondo siku ya saba, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro siku ya 28, na ndui wanapokaribia miezi miwili. Baada ya hapo mdondo kila miezi mitatu. Kwa mdondo tuna chanjo ya I-2, tone moja jichoni. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, ndiyo maana inafaa vijijini. Hata hivyo ibebe kwenye ubaridi, usiiache juani. Kwa ratiba ya banda lako muulize afisa mifugo. Tuna bahati pia ya kuwa mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako wanasomesha madaktari wa mifugo. Tusione haya kuuliza.

Oktoba 2024 nilirudia. Mayai 48, vifaranga 35, wote wakachanjwa kwa siku zake. Walifika 31 hadi kuuzwa. Kwa hao nilimaliza deni la kikundi, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kukopa.

MAONI YANGU JUU YA FEDHA ZA KIKUNDI

Sasa nije kwenye lililotukutanisha. Mmependekeza tununue mashine ya mayai mia tano. Mimi nasema tusiinunue mwaka huu, na sababu zangu ni tatu.

Kwanza, mayai mia tano yenye mbegu, ya ndani ya siku saba, tutayatoa wapi? Nimepita nyumba zetu zote nikahesabu matetea na majogoo. Hatufiki hata nusu. Tutakwenda kununua sokoni, nami nimeshawaambia ya sokoni.

Pili, vifaranga mia tatu wakitoka siku moja watalala wapi? Kati yetu wenye kinengunengu ni wanne.

Tatu, chanjo. Chupa moja ya chanjo ya mdondo inatosha kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mwenye kuku kumi anaona hasara, anaacha. Anapoacha yeye, ugonjwa unapata mlango wa kuingilia kwangu na kwako, maana kuku wetu hawajui mipaka ya viwanja. Fedha kidogo tu ya kikundi ingetuchanjia kuku wa mtaa mzima kwa siku moja, kila miezi mitatu.

Tufanye hivyo kwanza. Mashine mbili ndogo tulizonazo ziwe za zamu. Na wenzetu wa milimani wasio na umeme wasijione wameachwa. Wanaweza kuwawekea matetea watatu au wanne mayai siku moja, vifaranga wakitoka wakapewa mama mmoja au wawili, na waliobaki wakarudi kutaga. Kazi ni ile ile, na haina LUKU.

Neno la mwisho ni la uaminifu. Tusipokee fedha ya mtu kwa kifaranga ambaye hajatoka. Na ugonjwa ukiingia bandani, tusikimbilie kuuza. Najua inavyouma kumwona kuku akifa na fedha yake. Lakini anayenunua ni mjane wa Bigwa au mwanafunzi anayejitafutia ada, naye atamchanganya na wa kwake. Niliwaza kuwauza wale 20 walipoanza kusinzia. Nilikuwa nimeshashika tenga. Nililiweka chini, na sijutii.

 

(Baada ya majadiliano, wanakikundi walikubaliana kuahirisha ununuzi wa mashine kubwa, kuanza na uchanjaji wa pamoja wa mdondo, na kila mwenye mashine kuandika daftari la mizao. Suala la mashine litarudi mkutanoni baada ya mwaka mmoja.)